Mkono Tumboni, Sikio Puani: Niliyojifunza kwa Kuwalaza Watu Ubavu

Mjomba alikuwa akikoroma, na huo mkoromo ndio uliotudanganya sote.

Tulimkuta sakafuni, chali, kando ya kitanda. Mdomo ulikuwa umepinda upande mmoja, lakini taa ilikuwa hafifu na hakuna aliyeutazama vizuri. Tulichokisikia ni mkoromo: mzito, wa kutoka kooni kabisa, kama wa mtu aliyeshinda akibeba mizigo. Kaka yangu akasema, "Amechoka, tumwache alale." Mimi nikaleta mto, nikaukunja mara mbili, nikamwekea chini ya kichwa. Nilifanya kwa mapenzi, na nilipomaliza nikajiona nimemsaidia.

Mkoromo ukabadilika. Ukawa unakatika, kimya kinapita, kisha unarudi kwa nguvu kama mtu anayevuta kamba iliyonasa. Midomo yake ikageuka rangi ya majivu. Nilimwita, "Mjomba! Mjomba!" Akaguna kidogo bila kufumbua macho. Nikaona kwa kuwa ameguna basi ananisikia, na kama ananisikia basi hajazimia. Hivyo ndivyo nilivyofikiri wakati huo.

Aliyetuokoa ni jirani, mama mmoja mstaafu aliyekuwa muuguzi kwa miaka mingi. Aliingia akiwa amevaa nguo za kulalia na hakuuliza chochote. Kwanza aliuvuta ule mto akautupa pembeni. Kisha akapiga magoti, akaweka mkono mmoja begani kwa Mjomba na mwingine gotini, akamvuta kuelekea kwake mpaka akalala ubavu. Akakiinua kidevu, kichwa kikarudi nyuma kidogo, mdomo ukaelekea sakafuni. Mate mengi yakamwagika, mengi kuliko nilivyodhani mdomo unaweza kubeba. Na mkoromo ukakoma papo hapo.

Ukimya ule ulinitisha kuliko kelele. Nikauliza, "Mama, amefariki?"

"Hapana, mwanangu. Sasa ndiyo anapumua." Akaushika mkono wangu, akauweka juu ya tumbo la Mjomba. Nikahisi likipanda, likishuka, likipanda. "Usiuondoe huo mkono mpaka nikuambie."

Kilikuwa kiharusi. Mjomba alipona kwa kiasi chake. Maneno yalirudi, ingawa mkono wa kulia hadi leo haushiki kalamu. Mimi nilibaki na swali moja: iweje kitu kidogo kama kumgeuza mtu ubavu kinyamazishe sauti ile na kurudisha rangi kwenye midomo? Swali hilo ndilo lililonipeleka kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, na jibu lake nitalieleza kwa urefu kidogo, kwa sababu anayelijua hatanyanyua mto kama nilivyofanya mimi.

Ulimi ni msuli, na umeshikamana na taya ya chini. Mtu akiwa macho, au akiwa katika usingizi wa kawaida, misuli ya koo hubaki na nguvu kiasi cha kuiacha njia ya hewa wazi. Fahamu zikipungua, nguvu hiyo hupungua pia. Akiwa chali, ulimi pamoja na nyama laini za nyuma ya kinywa huangukia kooni. Hewa ikipita kwenye upenyo uliobaki ndipo mkoromo unasikika, na upenyo ukiziba kabisa mkoromo hunyamaza, na hapo kimya si habari njema. Mto chini ya kichwa huongeza madhara, kwa sababu unakisukuma kidevu kuelekea kifuani na kuikunja njia ile ile ambayo tayari ni finyu. Ongeza mate, damu au matapishi. Mtu mwenye fahamu zake akipaliwa atakohoa. Aliyepungukiwa na fahamu huenda asikohoe, na kile kioevu kikashuka mapafuni bila yeye kujua.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba jambo hili liliandikwa zamani sana. Mwaka 1891, Robert Bowles, daktari wa Folkestone kule Uingereza, alitoa kitabu kuhusu mkoromo wa watu waliopatwa na kiharusi, na ndani yake alieleza faida ya kumlaza mgonjwa wa aina hiyo kwa ubavu. Nilipolisoma hilo nilimwona Mjomba pale sakafuni. Kisha katika miaka ya 1950 Peter Safar, daktari wa nusukaputi aliyezaliwa Vienna na kufanya kazi Marekani, alionyesha kwa majaribio jinsi njia ya hewa ya mtu asiye na fahamu inavyoziba akilala chali, na jinsi kukirudisha kichwa nyuma na kuinua kidevu kunavyoifungua. Yule mama jirani alifanya mambo yote mawili kwa pumzi moja, usiku, bila viatu.

Mafunzoni tulifundishana kwa kulazana sakafuni. Mwalimu wetu hakutaka tukariri hatua, alitaka kila tunaposhika kiungo tuseme kwa nini tunakishika. Unapiga magoti kando ya mtu. Miwani unaivua, na mfukoni unatoa funguo au simu itakayomchoma akiilalia. Miguu unainyoosha. Mkono wake ulio karibu nawe unautandaza ufanye pembe mraba na mwili, kiwiko kikiwa kimekunjwa na kiganja kikitazama juu, usije ukabanwa chini yake. Mkono wa mbali unaupitisha juu ya kifua na kuuleta shavuni, mgongo wa kiganja ukigusa shavu lililo upande wako, na hapo unaushikilia. Kwa mkono wako mwingine unalishika goti la mbali, juu yake kidogo, unalivuta mpaka wayo ukanyage sakafu. Goti hilo ndilo wenzo wako. Ukilivuta kuja kwako mwili mzima unafuata, na hata mtu mwembamba anaweza kumgeuza jitu la miraba minne. Mimi nilimgeuza mwenzangu aliyenizidi uzito maradufu, na sote wawili tulishangaa.

Akishageuka, mguu wa juu unakunjwa, nyonga na goti vikifanya pembe mraba, ili asibiringike akalala kifudifudi. Kisha inakuja sehemu ambayo wengi wetu tuliisahau kila mara: kichwa. Unakirudisha nyuma taratibu, unahakikisha mdomo unaelekea chini kiasi cha kioevu kutoka, na ule mkono ulio chini ya shavu unausogeza ukihitajika ili kichwa kibaki hivyo. Unaweza kuipanga mikono na miguu ikapendeza kama picha ya ukutani, lakini kidevu kikiwa kimeinamia kifuani hujafanya kitu.

Nilipata cheti, na miezi kadhaa baadaye nikapata nafasi ya kukitumia. Siku hiyo ninaikumbuka saa kwa saa.

Mwenzetu kazini, mtu mzima tuliyekuwa tukimwita Mzee kwa heshima, aliteleza kutoka kwenye kiti chake hadi sakafuni. Nilimfikia wa kwanza. Nikamtikisa mabega, nikamwita, hakujibu. Nikainua kidevu, nikaweka sikio karibu na pua yake huku macho yangu yakitazama kifua, kwa sekunde zisizozidi 10 kama tulivyofundishwa. Alikuwa anapumua. Mtu mmoja akapiga simu ya dharura. Nikamlaza ubavu. Nilimlaza vizuri sana, kila kiungo mahali pake, kichwa nyuma, mdomo chini. Watu walikuwa wamejaa mlangoni, na mmoja wao akasema, "Anajua kazi yake huyu." Neno hilo lilinifurahisha. Siwezi kulificha.

Kisha nikasimama. Nikachukua koti nikamfunika hadi shingoni asipate baridi. Nikaenda upande wa mgongo wake, nikaanza kuwarudisha watu nyuma, nikaichukua simu kujibu maswali ya waliokuwa njiani kuja. Waliniuliza, "Anapumua?" Nikageuza kichwa, nikasikia sauti ya hewa ikivutwa, nikajibu, "Ndiyo, namsikia." Wakaniuliza tena baada ya muda, nikajibu vile vile.

Mhudumu wa usafi, msichana ambaye sikuwahi hata kuongea naye kwa kirefu, alikuwa amechuchumaa mbele ya uso wa Mzee. Akaniita kwa sauti ya chini, "Dada, njoo umtazame. Anavuta moja, halafu anakaa sana. Mdomo unafunguka tu." Niliinama. Nilichokiona ni mtu anayepanua kinywa kama samaki aliyetolewa majini, mara moja, kisha hakuna. Tukahesabu pamoja mpaka 9 ndipo akavuta nyingine. Tumbo halikupanda.

Hakuwa akipumua. Moyo ulikuwa umesimama, na zile zilikuwa pumzi za kukata roho, mishtuko ya ubongo unaokosa damu. Tulimrudisha chali nikaanza kuminya kifua, katikati, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku yule msichana akihesabu kwa sauti. Mashine ya kushtua moyo ililetwa kutoka ghorofa nyingine, ikamshtua mara moja, na gari la wagonjwa likafika. Mzee alifariki siku ya tatu, hospitalini.

Ni dakika ngapi zilipita kati ya pumzi yake ya mwisho ya kweli na ile tuliyoihesabu? Sijui na sitajua. Ninachojua ni kile kinachofundishwa kila mahali: moyo ukisimama na hakuna anayeminya kifua wala kuushtua, uwezekano wa kupona hupungua kwa takriban asilimia 7 hadi 10 kila dakika inayopita. Nilizibeba hesabu hizo nyumbani na sikulala nazo vizuri kwa muda mrefu.

Nilimrudia mwalimu wangu nikamsimulia yote, nikitarajia atanifariji au atanikemea. Hakufanya hata moja. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Ulipokuwa umesimama, ulikuwa unaona nini?"

Nikafikiri. "Mgongo wake."

"Na kifua?"

"Nilikuwa nimekifunika koti."

Akakaa kimya kidogo. "Siwezi kukuambia kwamba angepona, na wewe usijiambie hivyo. Ulipomgeuza alikuwa anapumua, na ulifanya sawa kumgeuza. Ila ulipomaliza kumgeuza ulidhani kazi imekwisha, na kumbe ndiyo ilikuwa inaanza."

Nilipoanza kusoma zaidi niligundua kwamba si mimi peke yangu niliyeteleza hapo. ILCOR, jopo la kimataifa linalopitia ushahidi wa mambo ya ufufuaji, yaani kurudisha pumzi na mapigo ya moyo vilivyosimama, mwaka 2022 lilipotoa mapendekezo yake kuhusu mkao huu liliweka tahadhari yenyewe kabisa: mtu aliyelazwa ubavu aendelee kuangaliwa asije akaziba njia ya hewa, akapumua isivyotosha, au akaingia katika zile pumzi za kukata roho. Na likasema kwamba ikiwa mkao wenyewe unamzuia msaidizi kujua kama mtu ana dalili za uhai, basi arudishwe chali mara moja na kuchunguzwa upya. Niliisoma sehemu hiyo mara nyingi. Koti lile lilikuwa limeandikwa pale.

Kuna sababu ya mwili pia. Mtu akiwa chali, kifua na tumbo viko mbele ya macho yako, hata aliyesimama mlangoni anaviona vikipanda na kushuka. Akiwa ubavu, mkono wa juu unapita mbele ya kifua, bega linakificha, nguo zinakunjamana, na ukiwa upande wa mgongo huoni chochote. Masikio nayo hayaaminiki. Pumzi ya kukata roho ina sauti kubwa, mara nyingi kubwa kuliko pumzi ya kawaida. Mtu mwenye hofu huisikia akashukuru.

Kwa hiyo tangu siku hiyo ninafanya mambo fulani, na nitayataja jinsi ninavyoyafanya. Ninakaa upande wa uso, daima. Ninaweka kiganja pale mbavu zinapokutana na tumbo, kama mama jirani alivyouweka mkono wangu juu ya tumbo la Mjomba, na ninauacha hapo. Ninainamisha sikio karibu na pua ili nihisi hewa shavuni. Ninahesabu pumzi kwa saa, dakika nzima, kisha naanza tena. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi 12 hadi 20 kwa dakika, na hesabu ikianza kushuka chini ya hapo au nafasi kati ya pumzi na pumzi ikirefuka, sisubiri kuthibitisha, namrudisha chali. Blanketi inaishia kiunoni, au namwambia mtu aishike ikiwa imeinuliwa kidogo. Simu ninampa mwingine aongee, mimi namwambia cha kusema. Kama niko peke yangu naiweka sakafuni kwenye spika. Kuwarudisha watu nyuma ni kazi ya mtu mwingine kabisa, kwa sababu mwenye kazi ya pumzi hapewi kazi ya pili.

Nimekutana na watu ambao baada ya kusikia kisa cha Mzee waliniambia basi ni heri kumwacha mtu chali tu, utamwona vizuri. Sikubaliani nao, na nasema hivyo nikimkumbuka Mjomba. Aliye chali unamwona vizuri akipaliwa. Kama fahamu zimepungua, anapumua kawaida, na hali yake haikutokana na kuumia, alazwe ubavu. Msaidizi ndiye anayepaswa kubadilika, aache kusimama apige magoti.

Na hapo kwenye "fahamu zimepungua" nataka nikae kidogo, maana ndipo nilipokosea kwa Mjomba kabla hata ya kukosea kwa Mzee. Nilidhani kuna hali mbili tu, mtu ama yuko macho ama amezimia. Kumbe katikati kuna eneo pana. Mafunzoni tulifundishwa kulipima kwa ngazi nne: yuko macho mwenyewe, anaitika akiitwa, anaitika akifinywa tu, haitiki kabisa. Mjomba alipoguna nilipomwita alikuwa ngazi ya pili, labda ya tatu, na tayari koo lake lilikuwa limeanza kulegea. Zamani mafundisho mengi yalisema mkao wa ubavu ni wa mtu "asiye na fahamu lakini anapumua". Miongozo ya Baraza la Ufufuaji la Ulaya ya mwaka 2021 inazungumzia mtu ambaye uitikiaji wake umepungua kwa sababu ya ugonjwa au jambo lisilo la kuumia mwili, na ambaye hahitaji kupuliziwa pumzi wala kuminywa kifua. Kwangu mimi tofauti ya maneno hayo ni kubwa. Haikutaki usubiri mtu azimike kabisa. Mtu anayeguna tu, aliyelewa hadi hawezi kujishikilia, aliyemeza dawa kupita kiasi, aliyeishiwa sukari mwilini akawa anaropoka na kusinzia, hao wote koo lao halina mlinzi wa kutosha. Ndiyo maana pia hupewi ruhusa ya kuwatilia maji au kitu chochote kinywani.

La mlevi linaniumiza zaidi, kwa sababu husemwa kwa upole: "Mwacheni alale, itamtoka." Halafu mlango unafungwa. Kama mnampenda, mlazeni ubavu na mmoja wenu akae naye. Na akae akimtazama.

Kuna wasiopaswa kulazwa ubavu, au wanaolazwa kwa namna nyingine, na hawa nitawapitia haraka. Mwenye fahamu zake anayehangaika kupumua ataketi mwenyewe, mara nyingi akiinamia mbele. Usimlazimishe kulala, mwili wake unajua unachofanya. Aliyezimia ghafla kwa kusimama muda mrefu na kurudiwa na fahamu anaweza kubaki chali, na kama hakuumia unaweza kumwinulia miguu, ingawa faida ya kuinua miguu ni ya dakika chache tu. Mjamzito alazwe ubavu wa kushoto, kwa sababu akiwa chali uzito wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Mtoto mchanga hubebwa mikononi, uso upande, kichwa kikiwa chini kidogo kuliko mwili. Aliyeanguka kutoka juu au kugongwa, ambaye shingo yake inatia shaka, huachwa alivyo kama njia ya hewa iko wazi, na kichwa chake hushikiliwa kisiyumbe. Akianza kutapika, au pumzi ikaanza kuziba, hapo ndipo hugeuzwa, na ageuzwe kichwa, shingo na kiwiliwili kwa pamoja kama gogo moja, watu wakisaidiana kwa sauti ya mmoja. Shingo ni ya thamani, lakini hakuna aliyewahi kuishi kwa shingo nzima bila hewa.

Tukio la mwisho ninalotaka kulisimulia ni la mtoto wa dada yangu. Ana kifafa, ana miaka 15, na kwa kawaida degedege lake halizidi dakika mbili. Jioni hiyo alianguka sebuleni. Dada yangu alisogeza meza, mimi nikaangalia saa na kumwekea nguo iliyokunjwa chini ya kichwa kisijigonge. Mgeni mmoja aliyekuwapo akakimbilia jikoni akarudi na kijiko, akitaka kumwekea katikati ya meno. Dada akamzuia mkono kwa upole, "Hapana, shemeji. Ulimi haumezwi, na kijiko kitamvunja meno. Tumwache." Hatukumshika mikono wala miguu. Ilipotimia dakika ya pili mishtuko ikalegea, nikaiondoa ile nguo chini ya kichwa, tukamgeuza ubavu wa kushoto. Povu likatoka. Nikainama upande wa uso, nikaweka kiganja.

Alikuwa bado hajafumbua macho degedege lilipomrudia. Hilo halijawahi kumtokea. Degedege likipita dakika 5, au likirudi kabla fahamu hazijarejea, ni dharura, na dada yangu alikuwa tayari na simu sikioni kabla sijamwambia. La pili nalo likaisha. Akabaki amelala, mzito, akiguna tu tukimwita jina. Gari lilikuwa mbali.

Tulikaa hivyo. Dada alikaa upande wa mgongo, magoti yake yakimwegemeza, akizungumza naye taratibu kuhusu mambo ya shule. Mimi nilikaa mbele. Mgeni alikuwa mlangoni akitazama barabara. Pumzi 22, kisha 20, kisha 18. Mara mbili nilihisi nimepoteza hesabu nikaanza upya. Mara moja kidevu kiliteleza kikainama, sauti ya pumzi ikawa nzito mara moja, nikakirudisha, ikalainika. Kitu kidogo hivyo. Ningekuwa nimesimama nisingekiona.

Saa ilipoonyesha dakika 30 nilimwambia dada, "Tumgeuze upande wa pili." Alinitazama bila kuelewa. Nikamwonyesha mkono wa chini, vidole vilikuwa vimeanza kupauka. Uzito wa mwili hubana damu na mishipa ya fahamu ya mkono uliolaliwa, ndiyo sababu anayekaa muda mrefu hugeuzwa kila baada ya nusu saa. Tulimrudisha chali kwa muda mfupi tu, nikamsikiliza pumzi, kisha tukamlaza ubavu wa kulia. Nilihama nami nikazunguka upande wa uso. Vidole vikarudi rangi. Safari hii nilipomwita alisema, "Mm?" kwa sauti ya kuuliza, na dada yangu akafunika mdomo kwa kiganja chake.

Wahudumu walipoingia na machela, mmoja alipiga magoti kando yangu na kuuliza hali. Sikuutoa mkono tumboni mwa mtoto mpaka wake ulipofika pale pale.

"Degedege mara mbili," nikamwambia. "La kwanza dakika mbili, la pili dakika tatu, katikati hakuamka. Hajapewa kitu mdomoni. Alikuwa ubavu wa kushoto nusu saa, wa kulia dakika nane sasa. Anaitika akiitwa. Pumzi 16."